Kutoka Malindi hadi kileleni: namna ya kupanda mlima na kurusha redio ya ridhaa

Pwani yetu ni tambarare, na ndiyo sababu mlima una thamani kubwa zaidi kwa mtu wa redio wa Malindi au Lamu kuliko kwa yule wa Nyeri aliyezaliwa akiuona dirishani. Ukisimama juu ya sakafu ya nyumba ya ghorofa mbili mjini Malindi na redio ya mkono ya wati 5, wimbi la bendi ya mita 2, yaani masafa ya megahazi 145 hivi, litasafiri kilomita kumi na kitu, kisha litapita juu ya vichwa vya watu na kupotelea angani. Dunia ni mviringo, na mawimbi ya masafa hayo hayapendi kupinda. Ukiongeza wati utapata kidogo. Ukipanda juu utapata mengi.

Hesabu yake ni nyepesi. Chukua kimo cha mahali uliposimama kwa mita, tafuta kipeuo chake cha pili, zidisha kwa 4.12. Jibu ni kilomita ambazo wimbi litafika kabla dunia haijalikatiza, mradi hakuna mlima mwingine katikati. Sakafu ya mita 8 inakupa kilomita 12 hivi. Kichuguu cha mchanga cha mita 20 huko Shela, Lamu, kinakupa 18. Kilima cha Mangea, chenye mita 520 hivi, kinakupa 94. Kasigau, mita 1,641, kinakupa 167. Vuria, kilele kikubwa kuliko vyote vya milima ya Taita kwa mita 2,208, kinakupa zaidi ya 190. Mwenzako anayekusikiliza akiwa na antena juu ya mlingoti wa mita 10, mfanyie hesabu hiyo hiyo na ujumlishe: 13 zaidi. Redio ni ile ile, betri ni ile ile. Kazi yote imefanywa na miguu yako.

Mwongozo huu ni wa mtu wa pwani anayetaka kuifanya kazi hiyo ya miguu vizuri. Nitasema zaidi kuhusu njia, wenyeji na mzigo kuliko kuhusu redio yenyewe, kwa sababu wengi wanaorudi bila kuongea na mtu hawakuangushwa na redio.

Leseni, kisha mengine

Redio ya ridhaa, ile ya kuongea na watu wa mbali kwa kupenda tu na si kwa biashara, ambayo wengi huiita ham, ni ya wenye leseni. Kenya leseni hutolewa na Mamlaka ya Mawasiliano, na alama za wito zetu huanza kwa 5Z4. Zile redio ndogo za mkono kutoka China zinauzwa kwa bei ya viatu, na nyingi zinaweza kurusha hata kwenye masafa ya polisi, ya meli na ya huduma nyingine. Kuinunua si ruhusa ya kuibonyeza. Pata leseni, piga nakala mbili, moja itie kwenye mfuko wa nailoni usiopitisha maji na isitoke kwenye begi lako. Utaihitaji kwenye vizuizi vya askari barabarani, na utaihitaji zaidi mbele ya chifu.

Kuna mpango wa kimataifa wa kupanda vilele na kurusha kutoka huko, Summits on the Air, SOTA kwa kifupi. Ulianza tarehe 2 Machi 2002 huko Uingereza na sasa umeenea mabara mengi. Hata kama huna haja ya pointi zake, zifuate kanuni zake maana ni kanuni nzuri. Kilele kiwe kimeinuka vya kutosha kutoka ardhi inayokizunguka, kwa kawaida mita 150. Uwe ndani ya mita 25 za kimo kutoka ncha ya juu kabisa unaporusha. Sehemu ya mwisho ya safari uifike kwa nguvu zako mwenyewe, bila injini. Umeme utoke kwenye betri au paneli ya sola, bila jenereta ya mafuta. Mazungumzo kupitia ripita za ardhini, zile mashine zinazopokea sauti na kuirusha upya, hayahesabiwi. Ukimpata mtu mmoja umekirusha kilele hicho. Ukipata wanne unapata pointi zake. Kabla hujaondoka nyumbani, tazama kama kilele unachokiendea kimeorodheshwa kwao na kina nambari gani. Kama hakikuorodheshwa, panda tu. Mawimbi hayasomi orodha.

Mlima upi?

Anza na Mangea. Uko magharibi mwa msitu wa Arabuko-Sokoke, chini ya kilomita 50 kutoka Malindi kwa mstari ulionyooka, na simulizi za Wagiriama zinautaja katika safari yao ya zamani kutoka Singwaya, nchi yao ya asili. Si mlima wa kutisha. Lakini tazama unachokupa: kwa hesabu yetu ya kilomita 94, Malindi, Watamu na Kilifi zote zimo ndani, na Mombasa, ambayo iko karibu kilomita 90 kusini, inaingia kwa kubana. Kwa redio ya mkono na antena nzuri unaweza kuongea na mwenzako aliye juu ya nyumba Mombasa kutoka kilima ambacho watu wengi wa Malindi hawajakitia mguu. Usafiri: matatu hadi Kilifi, halafu gari la Vitengeni, na kutoka hapo ulizia bodaboda wanaojua njia za upande wa Mangea. Ondoka alfajiri. Jua la saa tano halina huruma na vichaka vya huko chini havina kivuli cha maana.

Kasigau ni wa mara ya pili. Usipite Mombasa mjini. Shika njia ya Kilifi, Mavueni, Kaloleni, utokee Mariakani kwenye barabara kuu ya Nairobi, kisha panda hadi Maungu. Teremka Maungu, usiende mpaka Voi. Kutoka Maungu kuna barabara ya vumbi hadi Rukanga, chini ya mlima. Vijiji vinauzunguka mlima wote, Rukanga, Bungule, Jora, Makwasinyi na Kiteghe, na njia za kupanda zinatokea vijijini. Ni takriban mita elfu moja za kupanda, saa tatu au nne kwa mtu mwenye miguu mizima na begi mgongoni. Kwa hiyo lala kijijini usiku mmoja kabla. Juu ni msitu wa ukungu, miti imevaa kuvumwani, na asubuhi nyingi kilele kiko ndani ya wingu. Wajerumani waliuteka mlima huu Desemba 1915 katika Vita Vikuu vya Kwanza, na ukisimama mahali palipo wazi ukaiona nyika yote ya Tsavo na mahali reli inapopita, hutahitaji kuelezwa waliutakia nini. Malindi iko kama kilomita 175 kutoka hapo. Kwa hesabu ya 167 ukiongeza 13 za mlingoti wa nyumbani, inawezekana, ukiwa na antena iliyonyooshewa upande huo na mtu mvumilivu upande wa pili.

Vuria ni rahisi kwa miguu na mgumu kwa masikio. Barabara kutoka Wundanyi inakaribia kabisa kilele, na juu kumejaa minara ya mawasiliano. Minara hiyo huijaza redio ndogo kelele mpaka isisikie kitu dhaifu. Ukienda huko, iache gari chini, tembea sehemu ya mwisho, na jitenge na minara kadiri zile mita 25 za kimo zinavyokuruhusu. Mimi kati ya Vuria na Kasigau ningechagua Kasigau kila mara, pamoja na jasho lake.

Ramani itakuonyesha pia njia fupi kutoka Malindi kupitia lango la Sala, ndani ya Tsavo Mashariki. Ni mbuga ya wanyama: kuna kiingilio, pikipiki haziruhusiwi, na huwezi kushuka garini popote upendapo. Kwa safari ya redio naiacha.

Zungumza na wenyeji kabla ya kuzungumza na dunia

Hii ndiyo hatua ambayo watu huipuuza, na ndiyo inayoamua kama utafika juu.

Mgeni anayekuja na begi zito, waya mrefu, ufito na kimashine chenye taa, katika sehemu yoyote ya Kilifi au Taita, atafikiriwa mambo mawili: anapima ardhi au anatafuta madini. Watu wana sababu ya kuogopa. Ardhi imechukuliwa na watu waliokuja hivyo hivyo, na vyombo na tabasamu. Usidhani utapita kimya. Mtoto anayechunga mbuzi atakuona, na kabla hujafika nusu ya mlima habari itakuwa imeshafika kwa mzee wa kijiji ikiwa imekuzwa mara tatu.

Kwa hiyo anza kwa mzee wa kijiji, na kama chifu au naibu wake yuko karibu, anza kwake. Nenda jioni ya kuamkia siku ya kupanda au asubuhi mapema. Vua kofia, toa shikamoo, kaa unapoonyeshwa kukaa, ulizia hali ya watu na mvua kabla ya kuleta la kwako. Kisha sema wazi. Maneno kama haya yanatosha:

“Mzee, mimi ni mtu wa Malindi. Nina redio ya kuongea na watu wa mbali, na serikali imenipa cheti, hiki hapa. Mlima wenu ni mrefu na sauti inafika mbali kutoka juu. Nataka nipande asubuhi, nitundike waya kwa saa mbili, niuteremshe, nirudi. Sichimbi, sikati mti, sipimi shamba la mtu. Naomba ruhusa yako, na naomba kijana mmoja anionyeshe njia.”

Halafu fungua begi, toa redio, iwashe, mwache asikilize. Mara nyingi maswali huishia hapo. Akiuliza kama wale wanaosikika wako Ulaya kweli, mwambie ukweli: wengine wako Ulaya, wengine Tanzania, na leo huenda wasisikike kabisa.

Kijana wa kukuongoza mlipe, na mpatane bei kabla ya kuondoka. Kama ni Kasigau, vijiji vina waongozaji wenye uzoefu na utaratibu wa malipo, uufuate. Mwongozaji si anasa. Anajua njia iliyofungwa na mvua ya mwaka jana, anajua mahali tembo wamepita usiku, anajua mkondo wenye maji na uliokauka.

Jambo moja la heshima. Misitu ya kaya za Mijikenda ni mahali patakatifu, na kadhaa zimo katika orodha ya Urithi wa Dunia tangu mwaka 2008. Vilima vingi vyetu vya bara vina mahali pa wazee hata kama havikuandikwa popote. Uliza ni wapi usikanyage, na ukiambiwa usipite hapo, zunguka. Usitundike waya kwenye mti uliofungwa kitambaa.

Mzigo

Panga mzigo wako ukianza na maji. Lita tatu kwa Mangea, nne kwa Kasigau, na kila lita ni kilo. Ukishaweka maji, kinachobaki ndicho kiasi cha redio unachoweza kubeba. Wengi hupanga kinyume, wanajaza vyombo kisha wanabana chupa moja pembeni, na wanakuwa na kiu kabla ya kufika mti wa kwanza wa maana.

Redio: kwa kuanza, redio ya mkono ya bendi ya mita 2 inatosha Mangea. Kwa kufika mbali zaidi unahitaji redio ndogo ya HF, yaani ya mawimbi mafupi, ya wati 5 hadi 20. Yaesu FT-818, Xiegu G90 na Icom IC-705 ni kati ya zinazobebwa sana milimani. Wati 5 ni nyingi kuliko zinavyosikika ukiwa juu ya mlima usio na kelele za inveta za sola na chaja za simu za mtaani.

Betri: redio ya wati 5 hunywa kama nusu ampea ikisikiliza na ampea mbili au zaidi kidogo ikirusha. Ukikaa saa mbili juu, na robo ya muda huo unaongea, utatumia chini ya ampea-saa 2. Betri ya lithiamu aina ya LiFePO4 ya ampea-saa 4 au 6 inatosha na akiba inabaki, nayo haifiki kilo moja. Betri ya pikipiki ya asidi itafanya kazi, lakini uzito wake ni zaidi ya maradufu na ikilala ndani ya begi inaweza kumwaga. Mtu akiwa na uwezo wa kununua kitu kimoja tu cha ghali, anunue betri nzuri.

Antena itengeneze mwenyewe. Nunua waya wa spika wa kawaida, ule wa nyuzi mbili zilizoshikamana, zaidi kidogo ya mita 10, uuchane katikati upate mikono miwili. Ncha za kati unganisha na waya wa koaksi wa RG-58, mita 8 hivi: mkono mmoja kwenye kiini, mwingine kwenye wavu wa nje. Urefu wa kila mkono ni huu: mita 2.5 kwa bendi ya mita 10, mita 5 kwa bendi ya mita 20, mita 10 kwa bendi ya mita 40. Umeona vinavyojizidisha kwa mbili. Kwa hiyo ukate kila mkono mara mbili, kwenye mita 2.5 na kwenye mita 5, na uunge tena kwa vile vichomeko vya shaba vya mafundi umeme wa magari. Ukivifungua vyote una bendi ya mita 10. Ukifunga cha kwanza una mita 20. Ukifunga vyote una mita 40. Waya mmoja, bendi tatu, hakuna mashine ya kurekebisha ya kubeba. Anza na waya mrefu kidogo kuliko vipimo hivyo, pima SWR (kipimo cha nguvu inayorudi kwenye redio badala ya kutoka kwenye antena), kata sentimita mbili mbili pande zote sawa mpaka ishuke chini ya 1.5. Vishikio vya miisho na vya katikati kata kwenye bomba la plastiki la maji na utoboe kwa msumari wa moto.

Mlingoti: ufito wa kuvua samaki wa kukunjika wa mita 6 ndio bora, na ni mwepesi. Ukikosa, mwanzi mkavu wa mita tano utafaa Mangea, ingawa kuupitisha vichakani ni kazi. Kasigau huhitaji hata kimoja, kuna miti. Na hapa sisi watu wa pwani tuna faida: chukua mshipi wa kuvulia wa nailoni, ufunge chubwi mwishoni, utupe juu ya tawi kama unavyoutupa baharini, chubwi itateremka yenyewe upande wa pili. Funga kamba nyembamba kwenye mshipi, ivute, na kamba ndiyo iinue antena. Kabla hujatupa, hakikisha kijana wako na watoto wamesimama nyuma yako. Chubwi la risasi likimpata mtu kichwani safari imekwisha.

Vinavyobaki ni vya kawaida: daftari na penseli (kalamu za wino hukataa kwenye ukungu), simu iliyojaa chaji, tochi ya kichwani, kisu, filimbi, dawa ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, kikoi cha kukalia na cha kujifunika jua. Chakula chukua tende na korosho. Haviharibiki, haviyeyuki, na kilo yake ina nguvu nyingi. Vaa suruali ndefu na viatu vya kufunga. Chini ya Mangea kuna kupe, na msimu wa kiangazi kuna upupu. Ganda likikugusa shingoni hutashika redio tena siku hiyo.

Zoezi la mchangani

Usiende mlimani na antena ambayo hujawahi kuisimamisha. Nenda ufukweni Mambrui, au kama uko Lamu, panda vichuguu vya mchanga vya Shela jioni jua likipungua. Simamisha kila kitu kama utakavyofanya juu, kwa begi lile lile, na ukiweza ukiwa umefumba macho kwa baadhi ya vifungo. Lengo ni kutoka begi limefungwa hadi sauti ya kwanza kwa dakika 15. Ufukweni utapata zawadi nyingine: maji ya chumvi ni kioo kizuri cha mawimbi, na antena ya wima iliyosimamishwa ukingoni mwa bahari huenda mbali ajabu kwa wati chache. Wapo wanaoishia hapo hapo na kuridhika, na siwalaumu.

Juu

Ukifika, kaa kwanza. Kunywa maji, subiri moyo utulie, tazama anga. Watu huanza kufungua waya mikono ikitetemeka na ndipo vichomeko vinapotea nyasini.

Tafuta mahali pa ufito. Kilele cha mwamba hakina udongo wa kuchomeka, kwa hiyo ufunge ufito kwenye shina la kichaka kwa mipira ya baiskeli, mahali pawili. Katikati ya antena iende juu kabisa, mikono miwili iteremke pande mbili kama paa la makuti, miisho iwe juu kuliko kichwa cha mtu ikiwezekana. Mwisho wa waya wakati wa kurusha una volti za kuunguza ngozi hata kwa wati chache. Watoto watakuwa wamekufuata mpaka juu, usitie shaka. Waonyeshe mstari wa kutovuka, kisha toa spika ndogo wasikie. Wakisikia vizuri watakaa.

Bendi gani? Kwa mita 2, sikiliza kwanza, kisha ita kwenye megahazi 145.500, na mwenzako mkipatana hamieni masafa mengine. Kwa HF, asubuhi na alasiri bendi ya mita 40 itakupatia Kenya na Tanzania; saa sita mchana jua la huku kwetu karibu na ikweta huimeza bendi hiyo, usijichoshe. Mchana ni wa mita 10 jua linapokuwa na nguvu, na alasiri kuelekea jioni ni wa mita 20, ambayo hufungua Ulaya vizuri. Wenye wati chache hukutana karibu na 14.285 kwa sauti na 14.060 kwa Morse.

Kama simu ina mtandao, tangaza masafa yako kwenye ukurasa wa SOTA wa kutangazia. Dakika moja baadaye utaitwa na watu ambao hawakuwa na habari nawe. Kama hakuna mtandao, mwambie mwenzako wa nyumbani siku moja kabla akutangazie saa fulani, na uitunze ahadi ya saa hiyo.

Ita polepole: CQ, yaani wito kwa yeyote anayesikia, mara tatu, alama yako ya wito mara mbili kwa alfabeti ya kimataifa, nyamaza sekunde tano, rudia. Kunyamaza ndiko kunakoleta majibu. Mtu akijibu, mpe ripoti ya namna unavyomsikia, mpe nambari ya kilele, pokea ripoti yake, mshukuru. Ukimsikia 5H wa Tanzania, zungumza naye Kiswahili. Andika hapo hapo: alama ya wito, masafa, ripoti mbili, na saa.

Saa ya daftari ni UTC, saa ya kimataifa, na hapo Mswahili ana njia ya mkato. Mchana, chukua saa unayoisema kwa mdomo na uongeze tatu. Saa nne asubuhi ni 07:00 UTC. Saa tisa alasiri ni 12:00 UTC. Saa kumi na moja jioni ni 14:00. Hakuna haja ya kupitia saa ya simu.

Radi, joto na giza

Milima hii huvuta mawingu. Masika ya Aprili na Mei usiende kabisa, na vuli ya Oktoba na Novemba nenda ukitazama anga. Januari na Februari, na ule wakati wa kusi kuanzia Julai hadi Septemba, ni mizuri, ingawa kusi huleta ukungu Kasigau.

Ukiona umeme, hesabu sekunde hadi ngurumo. Zikiwa 30 au chini, radi iko ndani ya kilomita 10: acha mazungumzo katikati ya neno ikibidi, chomoa antena kwenye redio, laza ufito, teremkeni kutoka kilele. Dalili nyingine huja kabla ya umeme kuonekana: redio inaanza kuchachatika kwa mkupuo, sauti inapanda kisha inakata ghafla. Waya umeanza kuchajiwa na wingu. Usisubiri kuhakikisha. Waya unaweza kuuacha hapo, utarudi kuuchukua.

Joto linaua polepole zaidi. Mtu aliyeacha kutoka jasho, anayejibu maneno yasiyo na mpango, huyo hahitaji kutiwa moyo apande, anahitaji kivuli, kupozwa mwili kwa maji, na kushushwa. Kama simu haishiki na mambo ni mabaya, 7.110 na 14.300 ni masafa ya kukutania wakati wa dharura, na hapo ndipo utaona faida ya kuiacha betri na robo yake.

Panga kuanza kuteremka saa tisa alasiri hata kama bendi ndiyo imefunguka na watu wanaita. Hilo ni gumu, najua. Ulaya huanza kusikika vizuri wakati hasa unaotakiwa kushuka. Lakini njia ya Kasigau usiku ni mizizi yenye utelezi, na saa moja jioni giza limekwisha kuingia.

Kuteremka

Kusanya waya kwa kuuzungushia ubaoni kwa mtindo wa nane ili usijifunge. Tembea duara pana kuzunguka mahali ulipokuwa, okota kila kipande cha kamba na mshipi; mbuzi hula nailoni na hufa nayo. Ukifika kijijini pita kwa mzee, mwambie umeshuka salama na uliongea na nani. Mlipe kijana mkiwa mbele ya mzee.

Nyumbani, ingiza daftari kwenye mtandao siku hiyo hiyo au kesho yake, maana waliokupata wanasubiri jina lako lilingane na lao. Betri ya lithiamu usiihifadhi ikiwa tupu wala usiiache kwenye chaja, iache nusu. Na vichomeko vyote, pamoja na ncha za koaksi, vifute kwa kitambaa kikavu, vitie kwenye kopo lenye kifuniko pamoja na punje za mchele. Ukiviacha mezani hewa ya chumvi ya Malindi itavigeuza kijani kabla ya safari ya pili.